Duka la Mbegu la Ukoo wa Vilmorin

Katika bidhaa zote zinazouzwa dukani, mbegu ndiyo inayomtaka mnunuzi awe na imani kubwa zaidi. Kitambaa utakipapasa, samaki utamfunua mashavu, nazi utaitikisa sikioni. Lakini punje ya mchicha haikuambii kitu. Utaipanda, utaipalilia, na baada ya majuma kadhaa ndipo utakapojua kama uliuziwa mbegu au uliuziwa takataka. Na hapo mvua imekwisha kupita, wala haitarudi kwa ajili yako.

Kwa sababu hiyo biashara ya mbegu, popote duniani, imekuwa biashara ya majina. Mojawapo ya majina ya zamani sana ni Vilmorin, la Ufaransa, na habari zake zastahili kusimuliwa katika ukurasa huu wa jamaa, kwa kuwa kwa zaidi ya karne mbili duka hilo lilikuwa mali ya ukoo mmoja.

Lilianza mwaka 1743 mjini Paris, kando ya mto Seine, mahali paitwapo Quai de la Mégisserie. Mwenye ujuzi wa kuuza mbegu alikuwa mwanamke, Claude Geoffroy. Mumewe, Pierre d'Andrieux, alikuwa mtaalamu wa mimea aliyempelekea mbegu Mfalme Louis wa 15. Binti yao aliolewa na Philippe-Victoire de Vilmorin, na duka likaitwa Vilmorin-Andrieux. Jina lililovuma ni la mkwe. Ujuzi uliotangulia ulikuwa wa mama mkwe. Mambo ya namna hii si mageni hata kwetu. Mapinduzi ya mwaka 1789 yalipomwondoa mfalme, duka halikuondoka naye, maana watu hawaachi kula kabichi kwa sababu utawala umebadilika.

Mwaka 1815 ukoo ulinunua shamba huko Verrières-le-Buisson, karibu na Paris. Hapo ndipo mbegu zilipojaribiwa kabla ya kufikishwa kwa mnunuzi, na hapo ndipo mjukuu wa Philippe-Victoire, Louis de Vilmorin, alipofanya kazi iliyobadili kilimo.

Kisa chenyewe ni sukari. Mwaka 1811 Napoleon aliamuru viazi-sukari vilimwe kwa wingi, kwa kuwa manowari za Uingereza zilikuwa zimezuia sukari ya miwa isifike. Usidhani nasema bitiruti nyekundu za saladi. Hivi ni viazi vyeupe, na hustawi katika nchi za baridi. Taabu ni kwamba sukari yake ilikuwa haba, kadiri ya asilimia 6 tu ya uzito. Mkulima aliyetaka mbegu nzuri alichagua viazi vikubwa na vyenye umbo la kupendeza, jambo ambalo halina uhusiano wowote na utamu.

Louis aliona kwamba utamu hauna budi kupimwa, kiazi kimoja kimoja. Alikata kipande kidogo, akakamua maji yake, kisha akapima kipande cha fedha kilichozamishwa ndani ya maji hayo. Kadiri maji yalivyokuwa na sukari nyingi ndivyo yalivyokuwa mazito, na ndivyo fedha ile ilivyopungua uzito kwenye mizani. Kiazi kilichobaki hakikufa. Kilirudishwa ardhini ili mwaka uliofuata kizae mbegu.

Hapo wengine wangekomea. Yeye aliziweka mbegu za kila kiazi mbali na za kingine, akazipanda mbalimbali, akapima na watoto. Akagundua ya kuwa viazi viwili vyenye utamu sawasawa haviwi wazazi sawa: kimoja huzaa kizazi kitamu chote, kingine huzaa mchanganyiko. Basi mzazi akawa anapimwa kwa wanawe. Aliyatangaza haya mwaka 1856, miaka 10 kabla ya Gregor Mendel kuchapisha majaribio yake ya njegere. Viazi-sukari vya leo hufikisha asilimia 16 na zaidi, na njia hiyo ya kumpima mzazi kwa uzao wake bado inatumika, kwa mimea na kwa mifugo pia.

Louis alifariki mwaka 1860, umri wake miaka 43. Mwanawe Henry alikuwa na miaka 17. Duka nyingi za ukoo hufia mahali kama hapa: baba ameondoka, kijana hajapevuka, wadeni wanabisha hodi. Mjane wake, Elisa, aliyekuwa mwenyewe mtaalamu wa mimea, hususan stroberi, alishika usukani kwa miaka kadhaa. Bila ya mama huyo sidhani kama pangekuwapo cha kumrithisha kijana.

Henry akaja kuwa bingwa wa ngano. Ngano yake chotara iitwayo Dattel ilitoka mwaka 1883, na mwaka huohuo kikatoka kitabu kikubwa cha mboga za bustanini ambacho kilitafsiriwa kwa Kiingereza. Mwanawe, Philippe, aliandaa mkutano wa kimataifa wa elimu ya urithi wa viumbe mjini Paris mwaka 1911.

Katika miaka ya 1970 ukoo uliliuza duka. Mwaka 1975 likaingia mikononi mwa Limagrain, ushirika wa wakulima wa Auvergne. Duka lililomuuzia mfalme mbegu likawa mali ya watu wanaozipanda. Kupitia kampuni yao hiyohiyo, wakulima hao walinunua hisa katika Seed Co ya Zimbabwe, ambayo mbegu zake za mahindi huuzwa katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Jina la zamani hawakulifuta. Katika bustani za Ufaransa, pakiti za karoti na saladi zingali zimeandikwa Vilmorin.