Ubovu wa Kifaa Hauponi kwa Lawama

Si jambo geni kuingia katika stoo ya ofisi au ya shule na kukuta rundo la vifaa vilivyobandikwa neno moja tu: "Kibovu." Ubovu wenyewe haukuelezwa. Haikuandikwa kifaa kilianza kusumbua lini, kinasumbua vipi, wala kilijaribiwa na nani. Mara nyingi barua ya kuomba kifaa kipya imekwisha kupelekwa, na kila mhusika amekwisha kumpata mtu wa kumlaumu. Tabia hii inaligharimu Taifa fedha. Hasara kubwa zaidi ni kwamba inawazoesha watu wenye elimu kuviogopa vyombo wanavyovitumia kila siku.

Kipo kisa katika historia ya nchi hii ambacho watumishi na walimu wanastahili kukisoma upya. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, na manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wakitumia bunduki za mtindo wa mwaka 1871, ambazo baruti yake hutoa moshi mzito unaomfichua mpigaji. Katika mapigano ya Jasini, kaskazini ya Tanga, mwezi wa Januari 1915, jeshi hilo lilitumia risasi zipatazo 200,000. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alipiga hesabu akaona kwamba akiba iliyosalia ingetosha mapigano matatu tu ya namna hiyo.

Mwezi wa Aprili mwaka huohuo ilikuja meli iitwayo Rubens, ikiwa imebeba makaa ya mawe, bunduki mpya na shehena kubwa ya risasi. Manowari ya Uingereza, Hyacinth, iliifukuza mpaka ikaingia Ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Hapo nahodha aliizamisha kwenye maji machache huku moto ukiwaka sitahani, na Waingereza wakaamini kwamba imeangamia. Sehemu kubwa ya shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi.

Risasi iliyolowa haitangazi ubovu wake. Ganda laweza kung'aa, kichwa kikawa mahali pake, na mwenye kuitazama akaridhika. Ni pale askari anapofyatua ndipo husikia mlio mdogo wa chuma tu, na adui yu mbele yake. Tena ubovu huo haukusimama mahali pamoja. Chumvi na unyevu viliendelea kula baruti na fataki, na idadi ya risasi zisizolia ikazidi kuongezeka.

Ni vyema kufahamu jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Pini ya bunduki hupiga fataki iliyo kitakoni mwa ganda. Fataki huwasha baruti iliyo ndani. Baruti husukuma kichwa cha risasi. Mnyororo huu ukikatika mahali popote, matokeo ni yaleyale: bunduki hunyamaza. Kunyamaza huko hakusemi ni kiungo kipi kilichokatika. Huenda kosa ni la fataki, huenda ni la baruti, na huenda risasi ni nzima ila pini ya bunduki imechakaa. Mtu aliyeridhika na neno "mbovu" angelitupa shehena yote baharini, au angelimchapa askari kwa uzembe asioufanya.

Haikufanyika hivyo. Mahali palipoitwa Neu-Moschi, ambapo leo ni mji wa Moshi, risasi zilifunguliwa moja moja. Baruti ilisafishwa. Fataki zilizoharibika zilibadilishwa kwa nyingine zilizopatikana humu nchini. Kwa miezi kadhaa askari, Wazungu na watu wengine walioweza kazi hiyo walishinda wakiifanya tangu asubuhi hadi jioni. Kisha matokeo yalipimwa. Risasi ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake. Katika zile zilizotengenezwa upya, fungu lililokuwa na risasi kama 20 zisizolia katika kila 100 lilipelekwa vitani. Fungu lililozidi hapo likatumiwa kwa mazoezi ya shabaha.

Hesabu hiyo si ya kujivunia sana. Askari aliyekwenda vitani akijua kwamba risasi moja katika kila tano huenda isilie alikuwa katika hatari ya kweli. Hata hivyo hakudanganywa kwamba zote ni nzima, wala hakunyimwa zote kwa sababu baadhi ni mbovu. Ubovu ulitafutiwa chanzo, ukatengenezwa kwa kadiri ilivyowezekana, na uliobaki ukapewa kipimo na mahali pake.

Wala kisa hiki kisigeuzwe kuwa wimbo wa kumsifu mkoloni. Risasi hizo zilirefusha vita ambavyo wananchi hawakuvianzisha, mpaka Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini mwezi wa Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia. Wapagazi waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu ni makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Jina la kamanda linasomwa vitabuni. Ya wale waliofungua risasi moja moja hayasomwi darasani, ingawa ustadi wa mikono yao ndio uliofanya kazi. Dharau ya leo kwa fundi ina mizizi yake katika historia ya namna hiyo.

Watakuwapo watakaosema kwamba karani si fundi, na kwamba si kila mtu afungue mashine. Hilo ni kweli kabisa. Umeme huua, na baruti ikichezewa na asiyeijua huua pia. Lakini kutazama, kujaribu kwa uangalifu, kuandika kilichoonekana na kumwita fundi mapema si kazi za fundi peke yake. Fundi aliyeelezwa vizuri huanzia penye kosa. Asiyeelezwa hulazimika kufungua kila kitu, na aghalabu huharibu kizima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwalimu anayeona kifaa cha maabara kimegoma anayo nafasi ya kuwafundisha wanafunzi kuufuata mnyororo kiungo kwa kiungo mpaka pale ulipokatika. Mkuu wa ofisi naye asiitie saini barua ya kuomba kifaa kipya mpaka ameelezwa kile cha zamani kimegoma nini, kilijaribiwa vipi, na sehemu zipi bado ni nzima. Majibu hayo yakikosekana, basi kilichoharibika katika ofisi hiyo si kifaa peke yake.