Kiingereza cha Ubaoni

Wako wazee katika sisi, na baadhi yao ni masheikh wenzangu, wakisikia kwamba watoto wa skuli fulani wamecheza mchezo wa kuigiza kwa Kiingereza huguna na kusema: "Huo ni upuuzi, watoto waende wakasome." Nao wakuu wengi wa skuli wanasema maneno yayo hayo kwa sababu nyengine: mchezo unakula wakati wa mtihani. Basi mcha Mungu na mpenda alama wamekutana katika mlango mmoja, na aliyefungiwa nje ni mtoto. Mimi nasema wote wawili wamekosea.

Nasomesha chuo hapa Mkuyuni, Mwanza, na watoto wanaokuja kwangu alasiri ndio hao hao waendao skuli asubuhi. Mtoto wa miaka kumi anasimama mbele ya jamaa usiku wa Maulidi, anasoma Barzanji, kila harufi imetoka mahali pake, wala hatetemeki. Kiarabu si lugha ya mama yake. Mama yake ni Msukuma au Mmanyema, na nyumbani wanasema Kiswahili. Lakini mtoto huyo akiingia kidato cha kwanza, mwalimu akimwuliza neno kwa Kiingereza, hutazama chini kama aliyekamatwa na mali ya mtu. Ulimi ni ule ule na akili ni ile ile. Kilichobadilika ni njia. Kiarabu amekipata kwa sikio na kwa mdomo, akasahihishwa papo hapo, akasimamishwa mbele ya watu nao wakamwitikia. Kiingereza amekipata ubaoni, akakinakili katika daftari, na daftari likafungwa.

Mtu ataniambia: "Lakini huyo wa Barzanji hafahamu maana." Wengi hawafahamu, ni kweli. Basi skuli ingeweza kutupita hapo hapo, kwa kumpa mtoto sauti na maana pamoja. Mbona haimpi hata moja?

Maradhi haya si mageni. Tangu mwaka 1967 watoto wetu husoma msingi kwa Kiswahili, jambo jema ambalo sitaki liguswe, kisha sekondari hutupwa katika Kiingereza kama mtu asiyejua kuogelea anayesukumwa ziwani. Mwaka 1982 tume ya elimu ya Mheshimiwa Jackson Makwetta ilishauri sekondari nayo isomeshwe kwa Kiswahili, serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa nchi hii wakaona kwamba wengi katika sekondari hawawezi kufuata masomo yao kwa lugha hiyo. Baadaye ukaja mpango uliosaidiwa na Waingereza, ukaleta vitabu vyepesi vya hadithi ili watoto wasome kwa wingi mpaka lugha iwaingie. Na bado yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, hata Waziri Mkuu akaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Sisemi Kiingereza peke yake ndicho kilichowaangusha. Nasema mtoto asiyelifahamu swali hana la kujibu, hata kama elimu anayo kifuani.

Na vile vitabu vya hadithi je? Skuli moja niijuayo, ambayo jina lake nitaliacha, iliviweka katika kabati lenye kufuli, na ufunguo ukakaa kwa mtu mmoja, kwa khofu ya kupotea. Havikupotea. Mchwa wamevisoma vyote, tena bila ya kukosa kipindi.

Jambo linaloniudhi zaidi ni hili la tamthilia. Kwa miaka mingi vitabu vya fasihi vya kidato cha tatu na cha nne vimekuwa na michezo ya kuigiza ndani yake. Mmojawapo ni The Black Hermit wa Ngugi wa Thiong'o. Ngugi aliuandika akiwa mwanafunzi wa Makerere, na mwaka 1962 wanafunzi wenzake wakaucheza mjini Kampala katika siku za uhuru wa Uganda. Kazi ya wanafunzi, iliyochezwa na wanafunzi! Leo mtoto wetu ananunua kijitabu cha muhtasari, anahifadhi "dhamira" sita na "wahusika" wanne, anaziandika katika mtihani, na maisha yake hajapata kumsikia hata mhusika mmoja akisema. Huku ni sawa na kumfundisha mtu kupika kwa kumsomea bei za sokoni.

Chukua mwengine, Three Suitors: One Husband, wa Mkameruni Guillaume Oyono-Mbia. Msichana aliyesoma, Juliette, anarudi kijijini akakuta jamaa zake wanapokea mahari kwa mchumba huyu, kisha kwa yule mwenye fedha zaidi, naye hakuulizwa. Hebu wape mchezo huo wasichana wa Mkuyuni, ambao wamekulia katika nchi ya mahari ya ng'ombe, na baadhi yao wamewaona dada zao wakihesabiwa. Utahitaji kuwaeleza maana? Watakueleza wao! Na wakiwa na jambo la kusema, maneno ya Kiingereza watayatafuta wenyewe, hata katika kamusi iliyochanika.

Sasa niwarudie wazee wenzangu. Mnasema kuigiza ni mchezo na ushairi ni upuuzi. Je, hamkusoma kwamba Mtume (S.A.W.) alimwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini apate kuwajibu maadui kwa mashairi? Hamkusoma habari ya Mahabushi waliocheza na mikuki yao ndani ya msikiti siku ya Idi, na Bibi Aisha akatazama naye Mtume amemsitiri? Sisemi ile ilikuwa tamthilia. Nasema si kila mchezo ulifukuzwa. Na kuhusu lugha ya watu wengine, Zaid bin Thabit aliamrishwa na Mtume mwenyewe ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa nusu mwezi. Hakuambiwa kwamba atapoteza imani yake.

Khofu yenu juu ya adabu naifahamu, na katika hiyo niko pamoja nanyi. Basi wekeni masharti. Wasichana wacheze peke yao na wavulana peke yao, nguo ziwe za heshima, kitabu kichaguliwe, na mwalimu awepo. Hayo yanawezekana katika chumba chochote cha darasa bila ya jukwaa wala mapazia. Lakini kukataza kabisa, kisha kumlaumu mtoto kwamba ni bubu, hiyo si adabu. Ni uvivu uliovaa kanzu.

Wengine wanaogopa kwamba Kiingereza kitaua Kiswahili. Hao nawaonyesha watu. Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi nzima mabegani, alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Ebrahim Hussein wa Kilwa aliandika Kinjeketile kwa Kiswahili, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiingereza. Gabriel Ruhumbika, wa hapa Ukerewe, aliandika riwaya kwa Kiingereza mwaka 1969, na ni yeye aliyekuja kuitia katika Kiingereza riwaya kubwa ya Mkerewe mwenzake, Aniceti Kitereza, ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Na Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kulelewa na Qur'ani kama watoto wetu, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa vitabu vya Kiingereza vilivyojaa pwani yetu. Nani katika hao aliyepoteza lugha? Wanaoiua ni wale wanaomvika mtoto kibao shingoni kwa sababu amesema Kiswahili uwanjani. Mtoto huyo hajifunzi Kiingereza. Anajifunza kunyamaza katika lugha mbili.

Ama mdahalo, sijui kwa nini tunaufanya kama kitu kilicholetwa kwa meli. Munadhara ni kazi ya wanavyuoni tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi kabla ya Mwingereza hajaweka gavana pwani. Na hapa Usukumani, Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Mtoto aliyezaliwa baina ya hayo mnamwona hawezi kusimama dakika tatu akatetea neno? Mpeni hoja ya sangara na dagaa, ya nani alaumiwe ziwa likipungua samaki, muone kama atanyamaza.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtu anauza ng'ombe alipe ada ya skuli yenye jina la Kiingereza getini, na nyumbani hamna kitabu hata kimoja ambacho mtoto anaweza kukishika bila ya kuambiwa atakichafua. Katika mkutano wa wazazi huuliza habari za sare na chakula. Mkutano ujao ulizeni kabati la vitabu liko wapi na ufunguo anao nani. Ulizeni mara ya mwisho watoto walisimama lini wakasema. Tena Chuo cha Ualimu Butimba kiko hapa jirani, na kwa miaka mingi kimesomesha walimu wa sanaa na muziki. Kuwaomba vijana wake waje Jumamosi mbili kwa mwezi kuwashika watoto mkono si jambo la kungojea Wizara.

Na kwa mwalimu wa Kiingereza wa hapa Mkuyuni ambaye hana nafasi skulini kwake: ukumbi wa chuo changu hauna darasa Jumamosi asubuhi, na mikeka ipo. Masharti nimekwisha yataja.