Star Trek: Ni Nani Mwenye Haki ya Kuukataa Mwisho?

Mtu akipenda hadithi hataki iishe. Mtoto anayetambiwa ngano na nyanyake huuliza “Halafu?” hata baada ya sungura kumshinda fisi na nyanya mwenyewe kuanza kupiga miayo. Tofauti ni kwamba mtoto hana mahali pa kupeleka malalamiko yake. Wapenzi wa Star Trek, ule mchezo mashuhuri wa televisheni ya Marekani unaosimulia safari za chombo cha anga cha miaka mingi ijayo, wamekuwa na mahali pa kuyapeleka tangu 1968, na hawajachoka mpaka leo.

Mnamo Juni 2025 ilitangazwa kwamba mmoja wa michezo ya ukoo huo, Strange New Worlds, utaishia msimu wake wa tano, nao utakuwa na vipindi 6 tu. Habari hiyo haijakauka wino, mashabiki walikwisha gawanyika. Wako waliolia kwamba wamedhulumiwa vipindi vyao. Wako waliosema heri mchezo ufe ungali na nguvu zake. Na wako, tena wengi, walioruka kilio na kwenda moja kwa moja kwenye urithi: je, mchezo gani utachipuka hapo? Akiva Goldsman, mmoja wa wakuu wa mchezo huo, ametaja hadharani kwamba angependa kuufuatishia mwingine, utakaoonyesha mwaka wa kwanza wa Kapteni Kirk akiwa usukani. Basi maneno yakawa mengi.

Mimi nasema tusiwacheke watu hawa. Wana historia, nayo ni ya kweli.

Star Trek ya kwanza ilianza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966. Msimu wa pili ulipokuwa ukiendelea, uvumi ukazagaa kwamba shirika la NBC linataka kuufuta. Bjo Trimble na mumewe John wakaanzisha kampeni ya barua, na barua zikamiminika kwa maelfu. Januari 1968 wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana usiku na mienge mikononi mpaka ofisi za NBC huko Burbank. Ilipofika Machi 1968, shirika lilitangaza hewani kwamba mchezo ungeendelea.

Lakini ushindi ule ulikuwa na shubiri ndani yake. Mchezo ulisogezwa hadi Ijumaa saa nne za usiku, wakati vijana waliokuwa wapenzi wake wakubwa wamekwenda matembezini. Fedha zilipunguzwa. Gene Roddenberry, mwenye kuubuni, akajitoa katika kazi ya kila siku. Msimu wa tatu ulikuwa dhaifu, hilo halina ubishi, na mwezi wa Juni 1969 mambo yakaisha. Anayetaka kudai kwamba mashabiki hawapaswi kuingilia kazi ya watunzi anao ushahidi wake hapo.

Ila asikimbilie kufunga kesi. Msimu ule dhaifu ndio uliofikisha vipindi 79, na vipindi 79 vilikuwa vya kutosha kuuzwa kwa vituo vidogo vidogo vya televisheni kote Marekani, virudiwe jioni baada ya jioni. Huko ndiko Star Trek ilikopata watu wake hasa. Mkutano wa mashabiki uliofanywa New York mwaka 1972 ulitazamiwa kuwa na watu mia kadhaa tu, wakaja maelfu. Mwaka 1976 barua zao zilifika mpaka Ikulu ya Marekani, na chombo cha kwanza cha majaribio cha NASA kikabadilishwa jina kutoka Constitution na kuitwa Enterprise. Sinema ikafuata mwaka 1979, na mchezo mpya mwaka 1987. Kwa hiyo yote tunayoyaona leo yamesimama juu ya msimu ambao hata wenyewe mashabiki hupenda kuukebehi.

Machipukizi nayo si sawa yote. Mwezi wa Mei 2005, mchezo ulioitwa Enterprise ulipofikia kikomo, watunzi waliwaalika wahusika wa mchezo mwingine wa zamani waje kuufunga, na wenye nyumba wakageuzwa wageni siku ya mazishi yao wenyewe. Mashabiki walikasirika, na hasira yao naiona ya haki. Lakini Strange New Worlds yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya mashabiki: walimwona Kapteni Pike katika msimu wa pili wa Discovery mwaka 2019, wakampenda, wakapiga kelele, na mchezo wake ukaanza mwaka 2022. Ulikuwa mzuri kwa sababu Pike alikuja na swali halisi: mtu aliyekwisha kuonyeshwa ajali itakayomvunja ataishije siku zilizobaki?

Nami, ndugu msomaji, nina sababu yangu ya kulifuata jambo hili kwa karibu. Afisa wa mawasiliano wa chombo hicho anaitwa Uhura. Nichelle Nichols, mwigizaji wake wa kwanza, alisimulia kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, riwaya ya mwaka 1962 inayohusu Kenya, na jina likatokea hapo kwa kubadilishwa irabu moja. Katika vipindi vya mwanzo Uhura hata anasikika akisema Kiswahili. Sitakitia alama Kiswahili chenyewe. Yatosha kwamba lugha yetu ilifika huko angani.

Nichols alitaka kuuacha mchezo baada ya msimu wa kwanza, kwa kuwa kazi yake ilikuwa zaidi kupokea simu za kapteni. Kwa masimulizi yake, aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyemwambia kwamba yeye ni shabiki na kwamba kiti kile kilikuwa na maana kubwa kuliko alivyodhani. Akabaki. Mwaka 1977 alianza kuisaidia NASA kuwatafuta wanawake na watu weusi wa kwenda angani. Alifariki Julai 2022, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyempa Uhura mchezo wake mwenyewe.

Katika Strange New Worlds, Uhura mpya, Celia Rose Gooding, ametamka wazi kwamba kwao ni Kenya, kwamba anajua lugha 37, na kwamba wazazi wake na kaka yake walikufa katika ajali. Hapo pana hadithi, tena kubwa. Kirk tumekwisha kumwona akiwa kapteni, akiwa mzee, hata akiwa kijana, na kifo chake tukakishuhudia katika sinema ya mwaka 1994. Nimeuliza marafiki zangu wanaoupenda mchezo huu ni jambo gani juu ya Kirk ambalo hawajalijua na wangependa kuambiwa. Mpaka sasa sijajibiwa.

Basi kama kalamu za mashabiki zitafanya kazi tena, na zitafanya, waombe binti huyu apewe chombo chake na ajali zake mwenyewe. Na watunzi wakikubali, wamtafute mtu wa Mombasa au Lamu akae nao mezani pale Kiswahili kinapoandikwa.