Ummy Mwalimu na sera za afya, watoto na ustawi wa jamii

Ummy Ally Mwalimu (alizaliwa Tanga, 5 Septemba 1973) ni mwanasheria na mwanasiasa wa Tanzania, mwanachama wa Chama cha Mapinduzi (CCM). Aliingia bungeni mwaka 2010 kupitia viti maalumu vya wanawake, na mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Tanga Mjini, ambalo kwa miaka mitano iliyotangulia lilikuwa mikononi mwa Mussa Mbarouk wa CUF. Kati ya Desemba 2015 na Agosti 2024 alishika, kwa nyakati tofauti, karibu kila ofisi ya serikali inayogusa uzazi, malezi ya watoto na ustawi wa jamii. Makala hii haielezi maisha yake yote. Inachunguza kazi hiyo, na hasa namna maamuzi yaliyofanyika Dodoma yalivyofika, au yalivyokwama, kabla ya kufika katika mitaa ya jimbo la Tanga Mjini.

Wizara moja, kisha tatu

Ngamiani ni sehemu ya mji wa Tanga iliyo ng'ambo ya reli ukitokea bandarini, ambako barabara nyingi hujulikana kwa namba badala ya majina. Kiutawala imegawanywa katika kata tatu: Ngamiani Kaskazini, Ngamiani Kati na Ngamiani Kusini. Wakazi wake wengi hawana mwajiri: wanauza samaki, vitenge na mboga, wanashona nguo, wanapika chakula cha kuuza, wanaendesha bodaboda. Msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa kuwa ndiko sera nyingi za bima hukwama.

Mama wa Ngamiani mwenye mtoto mgonjwa huanzia kwenye kituo cha afya cha Ngamiani. Kituo hicho ni cha Halmashauri ya Jiji, na halmashauri zote ziko chini ya ofisi ya TAMISEMI. Akipewa rufaa hupelekwa Hospitali ya Bombo, iliyoanzishwa enzi za Wajerumani. Hiyo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na hospitali za namna hiyo zilihamishwa kutoka TAMISEMI kwenda Wizara ya Afya baada ya agizo la Rais John Magufuli la mwaka 2017. Mtoto huyo akiwa amepigwa au ametelekezwa, shauri lake ni la afisa ustawi wa jamii, ambaye sera zake hutoka wizara nyingine tena.

Ummy Mwalimu amepita katika milango yote mitatu. Akiwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na shahada ya uzamili ya haki za binadamu kutoka Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, aliteuliwa mwaka 2012 kuwa Naibu Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto. Desemba 2015 Rais Magufuli alimkabidhi wizara kubwa iliyounganishwa: Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Watu waliiita kwa mkato "Wizara ya Afya", na mkato huo ulikuwa na ukweli ndani yake, maana hospitali na dawa ndizo zilizochukua fedha nyingi na macho ya umma, na mtoto akabaki mwishoni mwa jina.

Baada ya muda mfupi katika Ofisi ya Makamu wa Rais alihamishiwa TAMISEMI mwaka 2021, na Januari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alimrudisha Afya. Safari hii wizara ilikuwa imegawanywa: Dorothy Gwajima alichukua maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalumu. Kwa hiyo waziri yule yule aliongoza afya pamoja na watoto, kisha vituo vya afya bila hospitali kubwa, kisha hospitali bila ustawi wa jamii.

Uzazi

Eneo ambalo matokeo yanaonekana wazi zaidi ni uzazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Takwimu hizi hunukuliwa sana katika hotuba, lakini zinahitaji tahadhari: zote mbili ni makadirio yenye nafasi kubwa ya kupanda au kushuka, na mashirika ya Umoja wa Mataifa, yanayotumia njia nyingine ya hesabu, yalikadiria 238 kwa mwaka 2020. Kushuka kwenyewe hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye kiasi. Kipimo kilicho imara zaidi ni idadi ya akina mama wanaojifungulia katika vituo vya huduma, iliyopanda kutoka asilimia 63 hadi 81 katika tafiti hizo hizo.

Nyuma ya namba hizo kuna kazi ya aina mbili. Kwanza ni majengo. Vituo vya afya vilipanuliwa ili viweze kufanya upasuaji wa kutoa mtoto, badala ya kumsafirisha mama hadi hospitali ya mkoa. Kazi hiyo ilianza awamu ya tano, na mwaka 2021, Ummy Mwalimu akiwa TAMISEMI, iliongezewa fedha za tozo ya miamala ya simu, ambayo wananchi wengi waliilalamikia. Pili ni usafiri. Mfumo wa m-mama, ambao chanzo chake ni majaribio ya Kanda ya Ziwa, ulizinduliwa kitaifa Aprili 2022: mama au jirani anapiga namba 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa halipo karibu, dereva wa kawaida aliyesajiliwa hutumwa na kulipwa na serikali. Wazo ni jepesi kiasi cha kushangaza kwamba lilichelewa.

Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14.

Toto Afya Kadi

Suala lililomweka waziri huyu katika mabishano makali na wazazi lilikuwa Toto Afya Kadi. Huu ulikuwa mpango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF): mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka, na mtoto wa chini ya miaka 18 akatibiwa katika hospitali zilizosajiliwa, zikiwemo za binafsi. Kwa familia isiyo na ajira rasmi ilikuwa karibu njia pekee ya kumwekea mtoto bima bila kumlipia kila mtu nyumbani.

Machi 2023 mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja. Watoto walitakiwa kusajiliwa kupitia shule au ndani ya vifurushi vya familia. Waziri alitetea uamuzi huo kwa hoja kwamba mfuko ulikuwa unalipa hospitali fedha nyingi mno kuliko zile zilizochangwa.

Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Bima hufanya kazi kama chama cha kuzikana cha mtaani: wote huchanga wakiwa hai na wazima, na aliyefiwa husaidiwa. Kama kila mtu angengoja mgonjwa wake azidiwe ndipo ajiunge, chama kingevunjika ndani ya miezi. Ndivyo ilivyotokea. Wazazi wengi walikata kadi mtoto akiwa tayari na sikoseli, tatizo la moyo au saratani, na wenye watoto wazima hawakuona haraka.

Lakini hoja sahihi ya mhasibu inaweza kuzaa uamuzi mbaya. Mzazi aliyekata kadi kwa ajili ya mtoto mgonjwa hakuvunja kanuni yoyote. Alitumia mlango ambao serikali yenyewe iliuacha wazi. Na njia ya shule ilimwacha nje mtoto asiye shuleni, yaani mdogo mno, mwenye ulemavu ambaye hajaandikishwa, au yule ambaye ugonjwa wenyewe ndio uliomtoa darasani. Waliohitaji kadi zaidi ndio waliokuwa mbali zaidi na dawati la usajili.

Inaweza kujibiwa kwamba Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Ni kweli, ila msamaha una mipaka miwili. Dawa isipokuwepo dirishani, mzazi huandikiwa akanunue nje. Na mtoto akitimiza miaka mitano msamaha unakoma, wakati ugonjwa wa kudumu haukomi. Kuanzia hapo hadi 18 ndipo Toto Afya ilipokuwa na maana kubwa.

Mfuko baadaye ulirudisha utaratibu wa kadi za watoto, wizara ikiwa tayari chini ya Jenista Mhagama.

Bima kwa wote

Mgogoro wa Toto Afya ulitokea katikati ya safari ya sheria kubwa zaidi. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliwasilishwa bungeni Septemba 2022. Rasimu ya kwanza iliifanya bima kuwa sharti la kupata huduma nyingine, kama leseni ya udereva na usajili wa laini ya simu, na kiwango kilichotajwa kwa kaya ya watu sita kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka. Wakati huo CHF iliyoboreshwa ilitoza kaya kama hiyo shilingi 30,000 katika mikoa mingi, ingawa kwa huduma finyu zaidi. Wabunge, wakiwemo wa chama tawala, walihoji masharti hayo na chanzo cha fedha za wasio na uwezo. Muswada uliondolewa, ukafanyiwa kazi upya, na ukapitishwa tarehe 2 Novemba 2023. Hapa Bunge, ambalo halina sifa kubwa ya kuzuia miswada ya serikali, lilifanya kazi yake.

Mwaka 2024 ulikuja mgogoro mwingine: kitita kipya cha bei za NHIF, kilichoanza kutumika tarehe 1 Machi. Baadhi ya hospitali za binafsi zilisimamisha huduma kwa wanachama wa mfuko kwa madai kwamba bei hizo hazilipi gharama.

Ulinzi wa mtoto

Upande wa watoto ulikuwa na mipango mingi na fedha kidogo. Desemba 2016 wizara ilizindua mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA), uliolenga kupunguza ukatili huo kwa nusu kufikia 2022 kupitia kamati za ulinzi kuanzia ngazi ya taifa hadi mtaa. Mwaka huo huo Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na adhabu ya kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi ikawa kifungo cha miaka 30. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 iliendelea kuruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata baada ya Mahakama Kuu (2016) na Mahakama ya Rufani (2019) kuona kwamba inakiuka Katiba. Matokeo yake ni kitendawili: msichana aliye darasani analindwa kwa adhabu kali, na mwenzake aliyeacha shule anaweza kuozwa kihalali.

Taarifa kwa umma

Tarehe 16 Machi 2020 yeye ndiye aliyetangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Baada ya mwanzoni mwa Mei mwaka huo serikali iliacha kutoa takwimu za kitaifa. Miaka mitatu baadaye, ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera, alitangaza jina la ugonjwa na idadi ya vifo hadharani, na Juni 2023 mlipuko ulitangazwa kwisha ukiwa umeua watu sita. Tofauti ya nyakati hizo mbili ilitokana zaidi na Ikulu kuliko wizara. Uamuzi wa Februari 2017 wa kuvizuia vituo 40 kutoa baadhi ya huduma za VVU kwa makundi yaliyo katika hatari kubwa ulikuwa wa wizara yake, na watetezi wa afya waliulaumu.

Kilichobaki

Ummy Mwalimu aliondoka wizarani Agosti 2024. Sheria ya bima iliyopita mikononi mwake inaitaka serikali iwalipie wasio na uwezo. Ugumu uko katika kumtambua asiye na uwezo, kwa sababu muuza samaki wa Ngamiani ana kipato leo na kesho hana. Katika utaratibu wa msamaha uliozoeleka, mwenyekiti wa mtaa huandika barua, na afisa ustawi wa jamii hospitalini huamua. Mwenyekiti yuko chini ya halmashauri, hospitali ya rufaa iko chini ya Wizara ya Afya, na sera ya ustawi wa jamii, tangu Januari 2022, iko kwenye wizara ya tatu.