Tahara ya Mtoto Isiishie Ubaoni

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mtoto wa madrasa hapa Nkololo huweza kutuhesabia faradhi za udhu kwa mpangilio bila kukosea hata moja. Jioni mtoto huyo huyo hupeleka ng'ombe lamboni, akaingia majini kuoga na wenzake, akakojoa humo humo. Lawama si yake. Ni yetu sisi walimu tuliomfundisha tahara kama somo la kuhifadhi tu, na ni ya wazazi waliodhani kuwa kazi hiyo huishia madrasa.

Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Makatazo hayo tunayasoma katika mlango wa tahara, lakini ni wangapi kati yetu waliowaeleza watoto maana yake kando ya lambo lenyewe? Mkoa wetu wa Simiyu ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yanayosumbuliwa na kichocho, ugonjwa ambao Waarabu huuita bilharsiya kwa jina la Theodor Bilharz, tabibu wa Kijerumani aliyeugundua mnyoo wake mjini Cairo mwaka 1851. Mayai ya mnyoo huo hutoka na mkojo wa mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu vyake huingia katika konokono, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga au kuchota maji. Baadaye mtoto hukojoa damu na kupungukiwa nguvu. Asipotibiwa, kibofu na figo zake huweza kuharibika.

Hatudai kuwa makatazo ya Mtume (S.A.W.) yaliwekwa kwa ajili ya kichocho peke yake. Tunasema kuwa aliyeyafuata kwa utiifu alimkinga jirani yake hata kabla ya kuijua sababu.

Dawa ya kichocho inayogawiwa mashuleni ni neema, na wazazi wasiwazuie watoto kuimeza. Hata hivyo, dawa huua minyoo iliyomo mwilini. Haimkingi mtoto akirudi majini kesho. Kinga yake ni mazoea mema, na mazoea hujengwa udogoni. Mtoto huamrishwa swala afikapo miaka 7, na hakuna swala bila tahara.

Kwanza, azoezwe kwenda chooni, astanji kwa mkono wa kushoto, na aoshe mikono kwa sabuni.

Pili, atawadhe kwa maji yaliyotekwa, asiingie lamboni. Hatusemi kuwa maji ya lambo hayatoharishi. Tunasema yanaweza kudhuru, na sheria imekataza madhara. Yakihifadhiwa siku mbili katika chombo safi kisicho na konokono, vijidudu hivyo hufa. Ya kunywa yachemshwe. Wala uhaba wa maji si udhuru, kwani Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita moja.

Tatu, afundishwe kusema. Akiona damu katika mkojo, awaambie wazazi siku hiyo hiyo, naye apelekwe zahanati. Hiyo si dalili ya kukua wala si kazi ya wachawi, na hirizi haiondoi mnyoo. Binti naye aulizwe na mama yake kwa upole, maana yeye ndiye achotaye maji.

Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto, mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza pale pale chakulani: ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar alisimulia kuwa tangu siku hiyo huo ndio ukawa ulaji wake.

Basi walimu tutoke ubaoni, tutawadhe mbele ya watoto nao watawadhe mbele yetu. Na kila msikiti uweke ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni mlangoni pa madrasa. Gharama yake ni ndogo, na miili ya watoto hawa ni amana tutakayoulizwa.

Wabillahi Tawfiq.