Pesa Yenye Tundu

Mwezi huu tuzungumze juu ya pesa za zamani, zile wazee wetu wanazifungua kwenye kitambaa, wanaziangalia, halafu wanazifunga tena. Kesho vilevile, na hawachoki.

Inayopendwa sana ni ndururu, yaani senti tano yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu. Watu walizitunga kwenye kamba zisipotee. Ilitumika hapa Osukuru, Kisumu na hata Mwanza, maana Uganda, Kenya na Tanganyika zilikuwa na shilingi moja tangu 1921. Mwaka 1966 ndipo kila nchi ikatoa pesa yake.

Tazameni mwaka na jina. Ukiona 1936 na EDWARDVS VIII, huyo ni mfalme aliyeacha kiti kabla ya kuvikwa taji. Kwao Uingereza pesa za jina lake hazikuingia sokoni, huku kwetu ziliingia. Jamaa wa Kongo nao wana faranga mbili ya 1943, ina pande sita na picha ya ndovu.

Ombi letu: msizisugue kwa mchanga wala jivu. Wanaokusanya sarafu hawaitaki iliyosuguliwa. Na watoto, msibadilishe na peremende! Tusidanganyane, nyingi hazina bei kubwa. Lakini tulipokimbia tuliacha nyumba na picha, hii ikabaki mfukoni. Muulizeni babu aliinunulia nini, muandike kwenye daftari.

Mpaka mwezi ujao, kaeni salama.