Mugonjwa aulizwe: shindano ao kidonge?

Ndugu zetu wa mugodi, jiwe likivunja mutu muguu ao kiuno, wote tunaangalia mufupa tu. Kumbe kuko hatari ingine: akilala siku nyingi bila kutembea, damu inaweza kuganda mu muguu, ikapanda mpaka ku mapafu na kumuua.

Njo maana munganga anatoa dawa ya kuzuia. Mara nyingi ni shindano za kila siku. Lakini mwaka 2023, uchunguzi wa Marekani na Kanada juu ya wagonjwa 12.211 waliovunjika ulionyesha hivi: waliomeza aspirini hawakukufa zaidi kuliko wale wa shindano. Ila damu kuganda ku miguu ilizidi kidogo kwa aspirini.

Basi mugonjwa aelezwe yote mbili, aulizwe, munganga aamue pamoja naye. Lakini musijinunulie aspirini ku njia: inaweza kutosha damu.

Na sisi wa sendika tunadai: kampuni ilipe dawa mpaka mwisho, isikate siku mutu anatoka hospitali. Kama feza njo inachagua, mugonjwa hakuulizwa kitu.